Kibanda, Bucha, Soko au Nairobi: Ule Wapi Ukishahamia Nje ya Jiji?

Jumamosi ya kwanza baada ya kuhamia Kisamis, kituo kidogo kando ya Barabara ya Magadi nje ya Nairobi, nilitoka nyumbani saa tisa mchana kutafuta chakula. Nilikuwa nimeishi Nairobi miaka 14, Umoja kisha South B, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kutazama saa kabla ya kwenda kula. Njaa ikishika unashuka ngazi. Chapati ipo, maharagwe yapo, samaki yupo, na hata usiku wa manane kuna mtu anakaanga chipsi na mayai. Kisamis nilikuta sufuria tatu zimefunikwa kifudifudi juu ya meza na mama mmoja akifagia. Nikamwamkia, nikamuuliza kama kumebaki chochote. Akanitazama kwa huruma.

"Kwani saa saba ulikuwa wapi, mwanangu?"

Swali hilo limenisaidia kuliko ushauri wowote niliopewa baadaye. Mjini tumezoea kuuliza wapi. Huku nje swali la kwanza ni lini, na anayelikosea hulala njaa kijiji kizima kikiwa kimeshiba.

Naandika haya kwa sababu watu wengi ninaowajua wanahama. Wengine wanafuata Barabara ya Magadi kupita Rongai na Kiserian kama mimi, wengine wanapanda Limuru na Tigoni, wengine wanatokea Barabara ya Kangundo hadi Joska na Tala. Wote wakifika huuliza jambo moja: hapa watu hula wapi? Wanafungua simu na kukuta ramani tupu. Programu za kuletewa chakula haziwafikii; Jumia Food, waliyoizoea wengi jijini, ilifungwa kabisa mwishoni mwa 2023, na zilizobaki hazina pikipiki ya kunifikia. Kwa hiyo zinabaki njia nne: kibanda cha kituoni, bucha yenye jiko la kuchomea, soko na shamba (yaani ununue upike mwenyewe), au kurudi Nairobi kula.

Nimezitumia zote nne, na kila moja nitaipima kwa mambo yaleyale matano. Kwanza saa na siku. Pili mfuko, na hapo nahesabu nauli na muda pamoja na bei ya sahani. Tatu usafi. Nne ladha ya mahali: je, utakula kitu ambacho usingekipata South B? Tano watu, kwa maana ya kama mgeni anahudumiwa sawa na mwenyeji au ni lazima kwanza ujulikane.

KIBANDA NA HOTELI YA KITUONI

Saa na siku. Chai na mandazi huwa tayari kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa ajili ya watu wa boda boda na wajenzi. Kufikia saa tatu birika limekauka. Chakula cha mchana huanza saa sita na kitu, na saa nane kimekwisha. Halafu kuna pengo, lile nililoangukia mimi. Mama hana friji. Anapika kiasi anachojua kitaisha, kwa sababu kinachobaki ni hasara yake mwenyewe. Ukifika ukakuta sufuria tupu saa nane, jua umepata mahali pazuri, urudi kesho mapema. Jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, wanatokea watu wengine kabisa: wa chapati, wa mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa), wa mahindi ya kuchoma. Jumapili asubuhi wengi wako kanisani, na palipo na Wasabato wengi, Jumamosi ndiyo siku ya kufuli.

Mfuko. Hakuna njia rahisi kuliko hii. Githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) na kipande cha parachichi, au ugali, sukuma na maharagwe, na hujalipa nauli hata ya boda. Ila ujue sahani hizi zimekatwa kwa kipimo cha mtu anayebeba mawe kutwa: ugali mwingi, mboga kiasi, nyama ya kuonjesha. Mwenye kazi ya kukaa mezani akila hivyo kila siku, suruali itamwambia.

Usafi. Tazama maji kabla hujatazama chakula. Upande wetu wa Kajiado maji mengi ni ya visima, na visima vingi vina chumvi. Anayetaka maji matamu huyanunua kwa lori au kwa mkokoteni. Maji ya kununua hayamwagwi ovyo, na hapo ndipo vyombo vinaweza kuoshwa kwenye beseni moja kuanzia asubuhi. Mimi huangalia mambo mawili tu: mtungi wenye bomba na sabuni karibu na mlango, na chakula kinachotoka jikoni kikitoa mvuke. Vyote viwili vikiwapo, nakaa. Kachumbari naiacha mpaka niwe nimepajua mahali. Chumvi ya maji utaionja kwenye chai, na ukiona mama anachemsha maharagwe tangu alfajiri usidhani amechelewa, kwani maji magumu huyafanya yasilainike upesi.

Ladha ya mahali. Hapa nilishangaa. Kibanda cha kando ya Barabara ya Magadi mara nyingi kinapikiwa na Mkikuyu, Mkamba au Mluhya aliyehamia kama wewe, na githeri yake ni ileile ya Umoja. Chakula cha Wamaasai wenyewe hakiuzwi kibandani. Kiko nyumbani na kiko kwenye nyama, nitafika huko. Limuru mambo ni tofauti. Mpishi ni mwenyeji na shamba liko nyuma ya kibanda, kwa hiyo utapata mukimo (viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja) wa majani ya malenge, nduma kwa chai, na njahi, maharagwe meusi yale ambayo mama mzazi hupikiwa. Kwa shemeji yangu Joska nililishwa muthokoi katika hoteli ya mabati yenye benchi mbili: mahindi yaliyokobolewa ganda, yakapikwa na maharagwe hadi yakalainika kabisa, juu yake kitunguu kilichokaangwa. Miaka 14 niliyoishi jijini nilikuwa naupita muthokoi nikidhani ni githeri nyeupe. Si githeri. Ukiwa njia ya Kangundo uutafute wiki ya kwanza.

Watu. Mgeni hupata chakula bila taabu. Lakini kile kizuri, kama matumbo yaliyosafishwa vizuri au kichwa cha mbuzi, huwa kimeshawekewa mtu. Usione haya kuacha namba yako ya simu. Mama wa kwangu sasa hunipigia asubuhi: leo kuna kunde.

Kibanda kinamfaa anayekula mchana kila siku ya kazi, anayeishi peke yake, na mgeni wa wiki ya kwanza asiyemjua mtu. Hakimfai anayeamka saa nne akataka kifungua kinywa.

BUCHA YENYE JIKO

Saa na siku. Nyama huingia asubuhi, na mtu wa busara huchagua kipande chake kabla ya saa sita. Kuchoma huchukua muda, saa nzima mara nyingi, na mbuzi aliyekomaa huchukua zaidi. Ukifika na njaa tayari, utaagiza supu ya kupoza tumbo, kisha mutura, na nyama ikifika umeshashiba. Dawa yake ni kupiga simu. Huku mchomaji anajulikana kwa jina, na ukimwambia unakuja saa saba na kilo mbili za mbavu, saa saba ubao uko mezani. Jumapili mchana ndiyo siku ya watu wengi, na kwa njia ya Magadi wengi wao ni Wanairobi waliokuja na magari. Jumatano huwa pametulia na mchomaji ana nafasi ya kukushauri.

Mfuko. Unanunua kwa kilo, mbichi, mbele ya mizani. Hilo ni haki yako: simama uone inavyopimwa, sema unataka mguu au mbavu, uliza mfupa ni kiasi gani. Ugali, kachumbari na mboga hulipwa kando, na kuna mahali wanaongeza hela ya kuchoma, kwa hiyo uliza mwanzoni. Kwa mtu mmoja ni ghali. Kwa watu wanne au watano kilo mbili na ugali mkubwa haziumizi mtu yeyote, ndiyo maana bucha ni mahali pa kwenda kikundi.

Usafi. Hapa kuna kitu kinachoonekana kwa macho: mhuri wa wino wa mkaguzi kwenye nyama. Nyama isiyo na mhuri usiile, hata muuzaji awe jirani yako. Na mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata bei ishushwe nusu. Kimeta ni ugonjwa wa kweli katika maeneo ya wafugaji, na moto wa jiko si wa kuuamini. Baada ya hayo mawili, kilichobaki ni nzi na ubao. Ubao uliooshwa una rangi ya mti. Usiooshwa una rangi ya mafuta ya jana.

Ladha ya mahali. Kwa njia ya Magadi, hii ndiyo njia inayokufikisha kwenye chakula cha mahali kweli. Vilima vya Ngong vinazuia sehemu kubwa ya mvua itokayo mashariki, na ukishapita Corner Baridi ukaanza kuteremka bondeni, unaona mwenyewe: nyasi, miba, mbuzi. Mboga ni za mgeni, mbuzi ni mwenyeji. Kiserian kuna kichinjio cha Keekonyokie, kile kinachojulikana pia kwa kutengeneza biogesi kutokana na taka za machinjio, na nyama nyingi ya Kiserian hupelekwa Nairobi. Maana yake ile uliyokuwa ukiipanga foleni Kenyatta Market au Burma, huenda ilipita hapa kwanza. Umehamia karibu na chanzo. Uliza supu ya miti: mchuzi wa mifupa uliochemshwa na magome na mizizi, hasa olkiloriti, ambayo Wamaasai huitumia tangu zamani kusaidia tumbo baada ya nyama nyingi. Ni chungu kidogo, na mara ya kwanza utakunja uso. Ya pili utaiomba mwenyewe.

Limuru usitegemee mbuzi peke yake. Kule ni nchi ya nguruwe pia. Uplands, kidogo tu mbele, palikuwa na kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe kwa miaka mingi kabla hakijafungwa, na uzoefu wa kumfuga na kumkaanga ulibaki. Asiyekula nguruwe aulize mapema kama mafuta na jiko ni mamoja.

Watu. Mchinjaji wa kijijini hakudanganyi akishakujua, maana atakuona kanisani au dukani kesho. Kabla hajakujua, utapewa shingo. Mara mbili za kwanza nilipewa shingo. Mara ya tatu nilienda na mzee jirani yangu, akasema maneno machache kwa Kimaasai, na tangu siku ile nakatiwa paja.

Bucha inawafaa familia, wageni wa wikendi, na kila mwenye saa mbili za kukaa. Haimfai mwenye haraka wala mwenye daktari aliyemkataza nyama nyekundu.

SOKO NA SHAMBA

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema, na ndipo kuna vitu ambavyo hakuna hoteli itakuuzia.

Saa na siku. Kila mji mdogo una siku yake ya soko, moja au mbili kwa wiki. Siku nyingine zote utakuta meza chache zenye nyanya zilizonyauka na utasema pale hapana kitu. Muulize mtu wa boda siku ya soko la hapo na la mji unaofuata. Ukijua siku za masoko mawili ya jirani, huwezi kukosa mboga wiki nzima. Fika kabla ya saa nne kwa vitu vizuri, au baada ya saa kumi jioni kwa bei nzuri, wanapotaka kufunga mizigo. Pamoja na siku kuna msimu. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazoamua sahani yako: mboga za kienyeji kama managu, terere na saga huchipuka zenyewe, maziwa huwa mengi, na baadaye mahindi mabichi hufurika. Maembe ya Ukambani huja kwa wingi mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka. Kiangazi huku kwetu ng'ombe hukauka na chupa ya maziwa hutafutwa kwa tochi. Majirani hunisimulia ukame uliodumu kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo. Wanakumbuka mifugo iliyokufa na maziwa yaliyoadimika mpaka chai ikanywewa kavu. Ukiishi huku, mvua inakuwa habari ya jikoni.

Mfuko. Sahau kilo. Mahindi, maharagwe na ndengu hupimwa kwa gorogoro, mkebe unaochukua takriban kilo mbili za mahindi; viazi na nyanya huuzwa kwa debe, kwa ndoo au kwa fungu. Tazama mkebe usiwe umebonyezwa chini. Bei ya fungu ni ndogo sana, lakini wewe unaliwa na wingi: mtu wa mjini anaona debe la nyanya kwa bei hiyo, analibeba, na baada ya siku nne nusu imeoza. Nunua na jirani mgawane. Uliza pia kila kitu kimetoka wapi. Nyanya za Kiserian zinaweza kuwa zimelimwa Loitokitok, zikapelekwa Marikiti, soko la jumla katikati ya Nairobi, kisha zikarudishwa huku na mama mboga aliyeamka saa tisa usiku. Hakuna ubaya, anafanya kazi kubwa, lakini usilipe bei ya shambani kwa kitu kilichosafiri namna hiyo. Wanaokaa Limuru wana bahati: Soko Mjinga, kule Kinale kando ya barabara kuu ya Nakuru, viazi, karoti na kabichi hutoka mashamba yanayoonekana kwa macho.

Usafi. Mambo mawili, na yote mawili ni mazito.

La kwanza ni maziwa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naletewa maziwa kila asubuhi na kijana wa pikipiki, ya moto bado kutoka kwa ng'ombe, na nikapenda kuyanywa hivyo hivyo kwa kuamini kwamba kitu cha shamba ni salama kwa sababu ni cha shamba. Niliugua homa ya kuja na kuondoka, viungo vikauma, nikapungua kilo. Vipimo vilionyesha brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na nilimeza dawa wiki sita. Chemsha maziwa mpaka yafure, kila siku, hata unayoyapata kwa rafiki. Ukitaka maziwa lala, chemsha kwanza ndipo uyagandishe.

La pili ni mahindi. Mwaka 2004, Ukambani, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalipata ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na watu 125 walikufa. Mahindi hayo yalikuwa ya nyumbani, yamelimwa na watu wenyewe. Kwa hiyo ukinunua gorogoro, chukua punje chache uzitafune: mahindi makavu hukatika kwa mlio. Yenye rangi ya kijani au nyeusi, au harufu ya uvundo, acha, na usidanganyike kwamba kuosha au kupika kutaiondoa sumu.

Ladha ya mahali. Hakuna njia inayozidi hii. Kuku wa kienyeji aliyekuwa akiparura uani, anayehitaji saa moja na nusu jikoni na anayekupa mchuzi wa rangi ya dhahabu. Mayai ambayo kiini chake ni cha chungwa. Jibini ya Limuru, ambayo watu wa Brown's huko Tigoni wamekuwa wakiitengeneza tangu 1979, ukiinunua karibu na inakotoka. Asali nyeusi ya Ukambani ndani ya chupa ya soda. Kunde za mvua ya kwanza, ambazo ni laini kiasi kwamba haziombi chochote zaidi ya kitunguu na maziwa kidogo. Lakini lazima upike, na lazima ukubali kwamba wiki nyingine kuna kunde tu.

Watu. Hapa ndipo pagumu. Mlango wa mkulima haufunguliwi na pesa peke yake. Nilipoenda nyumba ya jirani kuuliza kama wanauza mayai, mama wa nyumba alinipa kiti, chai, na habari za wajukuu wake, na mayai hatukuyataja hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Siku ya pili watoto wake waliniletea mayai sita kwenye bakuli, bila bei. Nilirudisha bakuli na sukari ndani. Kuanzia hapo tunanunuliana vizuri, bei inajulikana, na akiwa na kuku wa kuuza mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Kwa Mnairobi anayetaka kulipa kwa M-Pesa na kuondoka, hii ni kazi. Inahitaji mwezi mmoja au miwili ya kuamkia watu.

Soko na shamba vinawafaa wenye watoto, wanaofanya kazi nyumbani, wastaafu, na kila anayependa kupika. Haviwafai wanaotoka kabla jua halijachomoza kwenda kazini mjini na kurudi usiku, isipokuwa wapate mtu wa kuwanunulia siku ya soko.

KURUDI NAIROBI

Saa na siku. Hili ndilo jiji lisilokuuliza lini. Kwetu kikwazo ni barabara. Rongai Ijumaa jioni itakula chakula chako kabla yako. Nenda Jumapili asubuhi, au unganisha na siku unayoenda mjini kwa shughuli nyingine.

Mfuko. Jumlisha mafuta au matatu, muda, na kile unachonunua kwa sababu tu umepita karibu na duka kubwa. Sahani ya mjini haijawahi kuwa ghali kwangu kama ilivyo tangu nihame.

Usafi. Kuna pa aina zote, kama ulivyopajua.

Ladha ya mahali. Inaonekana ajabu kuiweka Nairobi hapa, lakini ina ladha yake, nayo ni ya watu wote kukutana. Samaki mzima wa kukaangwa kwa Mama Oliech, hoteli ambayo Mark Zuckerberg alikula alipokuja 2016, huwezi kumpata Kisamis. Ngamia na wali wa Eastleigh huwezi kuupata Limuru. Bhajia, chaat na vitu vya Diamond Plaza kule Parklands, biriani ya Ijumaa, mbuzi wa Kiamaiko aliyekatwa na watu waliotoka kaskazini. Kijiji kina chakula chake kimoja au viwili na kinavijua vizuri sana. Kuvikosa hivi vingine si dhambi, na usijilazimishe kuona kwamba ukihama lazima uache kuvipenda.

Watu. Hakuna anayekujua na hakuna anayehitaji kukujua. Kuna siku hilo ni pumziko.

Niziweke hapa pia zile hoteli za bustani zilizotapakaa njia ya Magadi na Limuru, zenye nyasi, bembea za watoto na mandhari ya bonde. Ziko mashambani lakini zimejengwa kwa ajili ya Mnairobi wa Jumapili, bei zake ni za mjini, na chakula chake ni kilekile cha mjini. Nzuri kwa siku ya kuzaliwa na kwa mama mkwe.

Kurudi mjini kunamfaa mwenye gari na kazi huko, na aliyehama juzi ambaye moyo bado haujatulia.

UKIWA HIVI, FANYA HIVI

Umehama wiki hii na hujui mtu: kula kibandani saa saba kamili siku tano mfululizo, mahali pamoja. Siku ya sita muulize mama siku ya soko.

Unafanya kazi Nairobi na unarudi usiku: nunua chapati na maharagwe ya jioni kituoni kabla hujapanda boda ya mwisho, na Jumamosi moja kwa mwezi nenda soko na jirani. Mambo ya shamba yasubiri likizo.

Una watoto wadogo: anza na soko, tafuta mtu mmoja wa maziwa na mmoja wa mayai, na sufuria ya kuchemshia maziwa iwe na kazi hiyo tu.

Uko peke yako na hupendi kupika: kibanda mchana, bucha mara moja kwa wiki ukiwa na wenzako. Mpikie mtu mmoja chai Jumapili. Mengine yatakuja kwa mlango wake.

Unakaa njia ya Magadi: weka uzito kwenye bucha, na mboga uzipande mwenyewe kwenye magunia, hata sukuma na kunde tu. Uko Limuru: shamba na soko ndio utajiri wako. Uko njia ya Kangundo: muthokoi, ndengu na maembe, na macho kwenye ukavu wa mahindi.

Una wageni kutoka Nairobi Jumapili hii: mpigie mchomaji Jumamosi jioni, mtajie idadi ya watu na saa, mwombe akuwekee mbavu na supu ya miti kidogo kwa anayetaka kujaribu. Waambie wageni waondoke mjini kabla ya saa nne, na mayai ya kwenda nayo uyaombe kwa jirani mapema, kabla kuku hawajaanza kuatamia.